Ngozi Yetu Haisemi kwa Wekundu



Mwanamke anayetibiwa saratani ya titi huambiwa mapema kuhusu nywele zitakazonyonyoka, kichefuchefu cha kemo na uchovu utakaomlaza mchana kutwa. Kuhusu ngozi huambiwa machache, na hayo machache aghalabu yameandikwa kwa kuikusudia ngozi isiyo yake. Karatasi niliyokabidhiwa siku ya kwanza ya tiba ya mionzi, iliyopigwa chapa kwa Kiingereza, ilinitaka niwe macho endapo kifua changu kingekuwa chekundu. Nilijiuliza ni lini, katika miaka 59 niliyojaliwa, ngozi hii iliwahi kuwa nyekundu. Niliwahi kurukiwa na mafuta ya mahamri mkononi. Pahali pale paligeuka peusi, kisha pakababuka; wekundu niliuona pale tu ngozi ya juu ilipokwisha kutoka.

Hili ndilo ninalotaka kuwaandikia ndugu zangu wa kike, na waume na watoto wanaowauguza: ngozi yetu ikiungua kwa mionzi haitangazi kwa rangi inayotajwa vitabuni. Hutangaza kwa weusi, kwa joto, kwa mwasho, na kwa mwenyewe kusema. Asiposema, huenda asijue mtu hadi kidonda kifunguke.

Naandika nikiwa Bura ya Taita, si ile ya Mto Tana ambayo wasomaji wetu wa Hola na Garissa wataidhania. Hapa ni chini ya milima, kando ya barabara ya Voi kwenda Taveta na ya reli iliyojengwa wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Mahali hapa panajulikana zaidi kwa misheni kongwe ya Kikatoliki na shule zake. Sisi Waislamu ni wachache, twajuana kwa majina, na majirani zetu Wakristo ndio walioniletea uji na kuni nilipokuwa sijiwezi. Mashine ya mionzi huku haipo. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Pwani aliyeihitaji katika hospitali ya umma hakuwa na budi kwenda Kenyatta, Nairobi. Siku hizi Mombasa nayo inatoa huduma hiyo, alhamdulillahi. Umbali huu nautaja kwa sababu nitaurudia baadaye, pale ambapo ulikaribia kunigharimu.

Mionzi ya kutibia ni ya jamii moja na ile ya picha za eksirei, ila ina nguvu nyingi zaidi. Haionekani, haina harufu, wala haiumi inapopita. Kazi yake ni kuziharibu chembe za saratani zilizosalia baada ya upasuaji, lakini ili ifike ndani ni lazima ipite kwenye ngozi. Ngozi nayo hujijenga upya daima: chembe changa huzaliwa katika tabaka la chini na kupanda juu kwa muda wa takriban mwezi mmoja, zikichukua nafasi ya zile zilizochakaa. Mionzi huzidhuru zile changa. Ndiyo maana katika juma la kwanza mgonjwa huona amesalimika. Deni hudaiwa katika juma la pili au la tatu, ghala la chini likiwa linapungukiwa huku la juu likiendelea kuchakaa. Wakati huohuo chembe zinazotengeneza rangi huchokozeka, zikaimwaga kwa wingi, na sisi tuliojaliwa rangi nyingi huwa weusi kupita weusi wetu.

Habari hii ni ya kale kama mionzi yenyewe. Wilhelm Röntgen aligundua eksirei mwaka 1895. Mwaka 1901 Henri Becquerel, mtaalamu wa Kifaransa, alibeba kichupa cha radiamu katika mfuko wa kizibao chake, na baadaye akaona ameungua mwilini mahali palipolingana na mfuko ule. Kabla ya kupatikana vyombo madhubuti vya kupimia, madaktari wa Ulaya waliifanya ngozi yenyewe kuwa kipimo: kiasi cha mionzi kilichotosha kuigeuza nyekundu ndicho kilichohesabiwa kuwa dozi. Vyombo vikaja, kipimo kile kikaachwa, lakini wekundu haukuondoka vitabuni. Hata leo jedwali la Kimarekani la RTOG, linalotumiwa na madaktari wa nchi nyingi kuyapanga madhara ya ngozi kwa madaraja, hutaja wekundu hafifu katika daraja la kwanza. Mwanamke mweusi anaweza kulipita daraja hilo kwa maumivu hali machoni pa mtazamaji hajalifikia.

Mimi nilikuwa nimeondolewa titi la kushoto kabla ya mionzi. Nilipangiwa vipindi 15, siku tano kwa juma, kwa majuma matatu, nikawa nakaa kwa dada yangu Kisauni. Zamani desturi ilikuwa vipindi 25 kwa majuma matano. Majaribio makubwa yaliyofanywa Uingereza, ambayo matokeo yake ya miaka kumi yalichapishwa mwaka 2013, yalionyesha kwamba dozi ya majuma matatu hulinda sawasawa na ile ndefu, tena huisumbua ngozi kidogo zaidi. Mwaka 2020 yakachapishwa matokeo ya jaribio jingine la vipindi vitano tu ndani ya juma moja. Kwa mwanamke atokaye Bura, au Lamu, au Kwale ndani, tofauti ya majuma matano na matatu ni nauli, ni chakula cha watoto aliowaacha, na ni kumwonea haya mwenyeji wake. Kila mgonjwa amwulize daktari wake ni mpango gani unaomfaa.

Jambo moja lilinishangaza pale kitandani. Siku kadhaa waliniwekea kifuani kipande laini mithili ya mpira uliolowa, kabla ya kuiwasha mashine. Nikauliza. Nikaambiwa kwamba mashine za kisasa huishusha nguvu yao kubwa chini kidogo ya ngozi, na kwa aliyeondolewa titi, ngozi ya kifua yenyewe huwa miongoni mwa vinavyohitaji kutibiwa. Kipande kile huivuta nguvu ije juu. Kwa hiyo mwenye kuwekewa ajue kuwa ngozi yake itaungua zaidi ya mwenziwe, na si kwamba amekosewa.

Kwenye benchi la kungojea alikuwako bibi mmoja wa visiwani, mtu mzima kunishinda, ambaye titi lake lilikuwa halikuondolewa lote. Siku yake ya kumi na moja aliniinamia akasema kwa sauti ya chini, “Mwanangu, mimi kesho siji.”

“Kwani kuna nini, mamangu?”

“Wanichoma hawa. Nimekuwa makaa. Mume wangu akiniona atasema nini?”

Nilimwuliza kama amemwonyesha muuguzi. Akasema muuguzi amemtazama juu ya titi, akaona ni weusi tu, akamwambia ni kawaida. Nikamwuliza, na chini ya titi je? Akanyamaza. Pale kwenye mkunjo, ngozi inapokutana na ngozi, na jasho na msuguano havikomi, ndipo panapobabuka kwanza, kwapani vilevile. Hakuna aliyemwomba alinyanyue titi, naye kwa haya zake hakulinyanyua. Tulikwenda pamoja kwa muuguzi mwingine, mwanamke makini, naye alipoinua akakuta pamefunguka upana wa vidole viwili, panatoa majimaji. Alimsafisha, akamfunga kwa bendeji isiyoganda kwenye kidonda, akamwita daktari atazame kama aendelee. Akaendelea. Bibi yule alimaliza vipindi vyake vyote.

Laiti angebaki nyumbani kesho yake na keshokutwa, hasara isingekuwa ya ngozi. Chembe za saratani zinazosalia hupata nafasi ya kujizidisha mgonjwa anapoikatiza tiba, na siku zilizopotea haziongezwi hivi hivi mwishoni kana kwamba hakuna lililotokea. Wanaokatiza si wote wamekosa nauli. Wako wanaoona kifua kimegeuka kaa, wakaamini wameunguzwa kwa uzembe, au wamefanyiwa hasadi, au kwamba ugonjwa wenyewe umechomoza nje. Na nyumbani yupo wa kuwathibitishia kila dhana.

Nami nililetewa dawa za kila namna. Walioleta waliongozwa na mapenzi na sitawalaumu. Shangazi yangu alileta liwa na msio wake, aipake kifuani ipoe. Jirani wa Kisauni alileta habasoda na asali. Kutoka Bura nilitumiwa shubiri mbichi, jani limekatwa asubuhi ile. Niliuliza juu ya kila kimoja kabla hakijagusa mwili. Shubiri imefanyiwa majaribio ya kisayansi mara kadhaa, na majaribio yale hayakuithibitisha kuwa huzuia ngozi kuungua. Liwa na singo, pamoja na baraka zake zote katika ndoa na arusi zetu, zina chengachenga na manukato, na ngozi iliyodhoofika haistahimili kusuguliwa wala kunukishwa. Marashi na udi uliofukizwa moja kwa moja kwenye nguo ya ndani ni vivyo hivyo. Nilivipa likizo kifuani na kuviacha kwingineko. Shangazi akaridhika nilipompa mguu aupake.

Lililonifariji ni kuwa kuoga hakukatazwi. Wapo wanaowaambia wagonjwa wasiguse maji majuma yote, na nadhani wanawatesa bure katika joto la Mombasa. Utafiti uliofanywa Uingereza na Kanada ulionyesha kwamba kuosha kwa upole, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, hakuongezi madhara. Usisugue kwa dodoki, jikaushe kwa kugusagusa, vaa leso laini au dera la pamba, na sidiria yenye chuma iwekwe kabatini. Barafu usiiweke, wala chupa ya maji moto. Mafuta mazito yasipakwe muda mfupi kabla ya kuingia kwenye mashine. Jua lisikipate kifua, hata miezi baada ya tiba.

Iko dawa ya kupaka ambayo majaribio yameonyesha kuwa hupunguza makali: krimu ya steroidi, kama mometasoni, ikitolewa na daktari na kupakwa kwenye ngozi isiyofunguka. Hapa pana hatari yetu wenyewe. Madukani mwetu zimejaa krimu za kujichubua, baadhi yake zina steroidi kali zisizotajwa kwenye kopo, na nyingine zina zebaki. Mwanamke aliyeona kifua kimekuwa kaa anaweza kushawishika kuzipaka ili kirudi rangi yake. Ngozi ile imeshajeruhiwa. Ukiichubua waifungulia mlango wa kidonda kisichopona.

Sasa nije kwenye ibada, maana maswali haya niliyasikia kwenye benchi lile mara nyingi kuliko ya dawa. Udhu haugusi kifua wala kwapa, kwa hiyo mgonjwa hutia udhu wake kama kawaida, labda atahitaji wa kumminia maji ikiwa mkono haujanyanyuka vyema baada ya upasuaji. Josho ndilo lenye mazingatio. Katika madhehebu ya Shafii, tunayoyafuata wengi wetu huku Pwani, mwenye jeraha litakalodhurika kwa maji huosha sehemu iliyo salama na kutayamamu kwa ajili ya ile yenye jeraha; penye bendeji hupangusa juu yake. Ruhusa ya mgonjwa kutayamamu imo katika Qur'ani, Sura al-Maida, aya ya 6. Undani wake niwaachie masheikh, ila nikumbushe kisa kilichopokewa na Abu Dawud: mtu mmoja alijeruhiwa kichwani kwa jiwe safarini, kisha akapatwa na janaba, akawauliza wenziwe kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume, rehema na amani zimshukie, alikasirika mno kwamba hawakuuliza hali hawajui. Wanawake wanaojimwagia maji ya kisima na kujisugua juu ya kidonda kibichi kwa kuhofia sala zao wakisome kisa hicho.

Kunyoa kwapa la upande unaotibiwa kwa wembe kuahirishwe. Nywele za pale hupukutika zenyewe kwa mionzi. Kuhusu alama zinazochorwa kifuani ili mashine ilenge palepale kila siku, ziko hospitali zinazotumia kalamu na ziko zinazotumia nukta ndogo ya wino inayodungwa na kubaki. Anayesita kwa kuogopa chale aulize kabla, na amwulize sheikh wake. Mimi nilichorwa kwa kalamu. Na kwa sitara, waweza kuomba mhudumu mwanamke. Asipokuwepo, waweza kuomba ujifunike leso hadi dakika ya kuwashwa mashine. Niliomba, nikakubaliwa, wala hakuna aliyeniona msumbufu.

Nilimaliza siku ya Ijumaa na Jumamosi nikapanda gari hadi Voi, kisha matatu ya Mwatate na Bura. Nyumbani kulikuwa na furaha, mbuzi akachinjwa. Kifua kilikuwa cheusi na kikavu, kwapa linawasha, basi. Kila mtu aliona safari imekwisha.

Hapo ndipo wanawake wa mbali tunapopatikana. Madhara ya ngozi hayakomi mashine inapozimwa. Huendelea kupanda na kufikia kilele chake takriban juma moja hadi mawili baada ya kipindi cha mwisho, kwa sababu zile chembe changa zilizouawa mwishoni bado hazijaonyesha pengo lao. Mgonjwa anapokuwa katika hali mbaya kuliko zote, amekwisha kuagana na wauguzi waliozoea kuiona. Yuko Bura, kwenye joto na vumbi, pamoja na watu wanaomwambia amepona.

Siku ya sita kwapa langu lilifunguka. Usiku ule sikulala. Nguo iliganda, ikibanduka inatoka na ngozi. Asubuhi nilikwenda kituo cha afya kilicho karibu. Kijana aliyenipokea alikuwa na adabu, akatazama akasema, “Mama, sioni wekundu wala uvimbe. Tutapaka GV ikauke.” Alikwisha kuinua kichupa cha ile dawa ya zambarau. Nilimwomba asubiri, nikampigia simu yule muuguzi wa Mombasa, ambaye alikuwa ameniandikia namba yake nyuma ya kadi. Akazungumza na kijana. GV hukikausha kidonda cha namna ile hadi kikapasuka, na rangi yake humzuia mwingine kuona chini yake kunaendelea nini. Akamwelekeza aoshe kwa maji ya chumvi ya hospitali, aweke bendeji isiyoganda, anipe dawa ya maumivu, na atazame usaha, harufu na homa. Kisha akamwambia neno nililolipenda: aweke kiganja chake, ndani ya glavu, kwenye upande mzima wa kifua changu kwanza, halafu upande ulioungua, alinganishe joto, na aniulize mimi. Kijana akafanya hivyo, akainua macho akasema, “Kweli mama, panawaka.” Aliandika yote kwenye daftari lake.

Nyumbani binti yangu alijifunza kunitazama kwa namna hiyohiyo: mchana karibu na dirisha, si kwa taa, akilinganisha pande mbili, akitafuta ngozi inayong'aa kwa kukazika, au inayotoa magamba, au iliyolowa. Alitaka kupiga picha kwa simu amtumie muuguzi. Nilimruhusu kwa kwapa peke yake, kisha akaifuta mbele yangu.

Kidonda kilifunga ndani ya majuma matatu. Ngozi mpya ilitoka kwa vipande, mwanzoni ya waridi kama ya mtoto mchanga, kisha ikaanza kujaza rangi yake. Sasa ni mwezi wa tano. Weusi uliobaki una kingo zilizonyooka, kama uliokatwa kwa rula, kuanzia chini ya mtulinga hadi ubavuni. Ndiyo mipaka ya mashine. Daktari anasema utaendelea kufifia kwa miezi, huenda usiishe wote. Mume wangu ameshauona. Aliuliza kama bado panauma, nikamwambia pakiguswa na mshono wa nguo tu, na kesho yake akarudi kutoka Mwatate na dera lisilo na mshono ubavuni.

Juma lililopita alinijia mama mmoja wa hapa jirani, anayeanza vipindi vyake baada ya Idi. Tumekaa naye jioni mbili. Ameandika namba ya muuguzi, nimempa bendeji nilizobakiza, na tumekubaliana siku ya sita na siku ya kumi baada ya kurudi kwake nitakwenda kumtazama mimi mwenyewe, kwapani na chini ya titi, hata kama atasema hajambo.